Jinsi ya kuanza maisha Japan: nyumba, taka, majirani na matetemeko

Watu wakijiandaa kwenda Japan akili yote inakuwa kwenye viza, tiketi na chuo au kazi, halafu wakishafika kinachowatoa jasho wala si chuo, ni mtaa. Mfuko wako wa taka umeachwa na stika juu yake, kampuni inayosimamia jengo imekuletea barua ya kelele, jirani anakuinamia kichwa kila asubuhi na we hujui kafurahi au kakasirika. Kwa hiyo hapa naongelea mtaa tu, mambo ya viza na skolashipu yana watu wake.

Kwanza uielewe nchi yenyewe ilivyokaa, maana hizi sheria ndogondogo hazikudondoka tu. Japan ni visiwa, vikubwa ni vinne, Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, ukiweka na vile vidogo vidogo vinapita 14,000 kwa hesabu waliyotoa 2023. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 378,000 na watu ni kama milioni 124, sasa ukisikia hivyo unasema mbona nafasi ipo, ila karibu robo tatu ya nchi ni milima na theluthi mbili ni msitu, yaani watu wote hao wamebanana kwenye vipande vya tambarare, vingi viko pembeni ya bahari. Tokyo na miji iliyoizunguka peke yake ina watu kama milioni 37. Ukuta wa chumba chako ndo ukuta wa mwenzio, dari yako ndo sakafu ya mtu, na chini ya wote ardhi inatikisika. Kwa hiyo karibu kila kitu utakachoambiwa usifanye, ukikichimba sana unakuta maana yake ni moja, usimsumbue aliye karibu na wewe.

Kutafuta chumba

Utaenda kwa dalali, karibu kila stesheni ina ofisi zao, matangazo wameyabandika kwenye kioo cha mbele. Ukiona 1K ni chumba kimoja na sehemu ndogo ya kupikia kwenye korido, 1LDK ni chumba kimoja na sebule ambayo jiko na meza ya kula viko humohumo. Ukubwa wanaupima kwa mikeka ya tatami, mkeka mmoja kwenye matangazo ni kama mita za mraba 1.6, so chumba cha mikeka 6 ni kama mita 10 za mraba, kitanda, meza, umemaliza. Wakikwambia dakika 8 kutoka stesheni ujue wanahesabu mita 80 kwa kila dakika moja na hawahesabu kusubiri taa za barabarani wala kupanda kilima, kwa hiyo nenda ukatembee mwenyewe usiamini karatasi.

Pesa ya kuingilia ndo inayoua. Kuna shikikin, hii ni amana, ukitoka wanakata matengenezo wanakurudishia kinachobaki. Kuna reikin, hii ni asante kwa mwenye nyumba, hairudi, ndo imetoka hiyo. Weka kodi ya mwezi wa kwanza, hela ya dalali, kampuni ya udhamini kwa sababu huna ndugu Mjapani wa kukudhamini, bima ya moto, kubadilisha kitasa, si ajabu ikafika kodi ya miezi 4 mpaka 6, yaani chumba cha yeni 60,000 kwa mwezi uwe na 240,000 mpaka 360,000 mkononi siku ya kusaini. Na sehemu nyingi hasa Tokyo kila baada ya miaka 2 unalipia tena kuhuisha mkataba. Ukitaka kukwepa hayo angalia nyumba za UR, shirika la nyumba lenye mkono wa serikali, hawachukui reikin, hawataki mdhamini, hawana hela ya dalali wala ya kuhuisha, ila wana masharti ya kipato na majengo mengi ni ya zamani na yako mbali kidogo na stesheni.

Niseme wazi pia, kuna wenye nyumba hawataki wageni. Dalali atapiga simu mbele yako atasema kwa upole kabisa kwamba mteja ni mgeni, ataitikia itikia, atakata simu, atakwambia samahani. Inauma lakini usimalizie hasira kwa dalali, mwombe aanze na nyumba zinazokubali wageni ili msipoteze siku nzima.

Maswali mawili usiyasahau. La kwanza, jengo limejengwa lini? Sheria ya ujenzi ya kuhimili matetemeko ilikazwa Juni 1981, kwa hiyo jengo lililopata kibali baada ya hapo ndo unalolitaka, bei rahisi sana mara nyingi ina sababu. La pili, ramani ya hatari inasemaje? Karibu kila manispaa inayo, inaonyesha maji yakifurika yatafika wapi, mlima ukimeguka utaangukia wapi, tsunami itaishia wapi. Dalali analazimika kukueleza hatari ya mafuriko kabla hujasaini, lakini itazame kwa macho yako.

Ofisini, siku 14

Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa au ya ku, ndo kata za miji mikubwa kama Shinjuku, kuandikisha anwani. Beba pasipoti na ile kadi ya ukaazi uliyopewa uwanja wa ndege, wataandika anwani nyuma yake. Hiyo kadi ukiwa na miaka 16 kwenda juu unatembea nayo muda wote, hata ukienda kutuma barua, polisi wakikuuliza ndo wanayoitaka.

Siku hiyohiyo malizana na bima ya afya ya taifa kama mwajiri hajakuweka kwenye ya kwake. Hospitali unalipa asilimia 30, bima inabeba iliyobaki, na kwa sababu ada wanaipiga kwa kipato chako cha mwaka uliopita cha Japan, mgeni aliyeingia juzi analipa kidogo mwaka wa kwanza, shangaa mwaka wa pili ukishaanza kazi. Kadi za zamani za bima hawatoi mpya tangu tarehe 2 Desemba 2024, sasa ni kadi ya My Number, ile yenye namba yako ya utambulisho, au karatasi ya uthibitisho. Ulizia na pensheni hapohapo, kila mwenye miaka 20 mpaka 59 anatakiwa kuwemo, mwanafunzi anaomba kuahirishiwa malipo, usipoomba bili zinakuja tu nyumbani.

Fomu nyingi zinataka mwaka wa Kijapani, unaohesabiwa kwa enzi ya mfalme, ya sasa ni Reiwa na iliyopita ni Heisei. Reiwa ilianza tarehe 1 Mei 2019, chukua mwaka wa kawaida toa 2018, kwa hiyo 2025 ni Reiwa 7. Mwaka wako wa kuzaliwa kama ni wa Heisei toa 1988, mtu wa 1995 ni Heisei 7. Andika kwenye simu usiwe unapiga hesabu mbele ya foleni.

Kubisha hodi kwa majirani

Hii wageni wengi wanairuka na mi naona ndo inayolipa kuliko zote. Ukihamia unapita kwa majirani wa kulia, kushoto, juu na chini, ndani ya siku chache za mwanzo, mchana au jioni kabla ya saa moja hivi, sio usiku. Unabeba kizawadi cha yeni 500 mpaka 1,000, biskuti za boksi, taulo dogo au sabuni ya vyombo, dukani waambie ni cha salamu za kuhamia watakifunga vizuri. Usinunue kitu kikubwa, zawadi kubwa inampa mwenzio deni la kurudisha.

Bonyeza kengele, kuna kamera, kwa hiyo simama anapokuona, vua kofia, sema: tonari ni hikkoshite kimashita, taja jina, desu, yoroshiku onegaishimasu, yaani nimehamia jirani, mimi ni fulani, naomba tuishi vizuri. Akifungua inama kidogo, mpe boksi kwa mikono miwili, dakika moja inatosha, usisubiri kukaribishwa ndani maana haitatokea na si kwamba anakudharau. Asipofungua jaribu tena siku nyingine, mara ya pili ikishindikana acha kikaratasi kifupi na kizawadi mlangoni. Sasa ukweli ni kwamba Tokyo kwenye majengo ya vyumba vya mtu mmoja mmoja wengi wameacha hii kitu, na dada anayekaa peke yake wengi wanamshauri asitangaze kwamba yuko peke yake, hapo tumia akili. Ila kama una mtoto, au uko mji mdogo, au sakafu yako inapiga kelele, nenda. Mtoto akija kulia usiku jirani aliyemwona uso anavumilia tofauti kabisa na jirani ambaye anasikia ukuta tu.

Mitaa mingi ina umoja wa wakazi, chonaikai. Kujiunga ni hiari, ada ni ndogo, na kuna ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba hadi nyumba, unasoma, unaweka alama, unapeleka kwa anayefuata. Usiukalie wiki nzima! Wanaoendesha huu umoja wengi ni wazee, Japan karibu watu 3 kati ya 10 wana miaka 65 na zaidi, kwa hiyo kijana mwenye nguvu akitokea siku ya kufagia mtaa au kubeba mikoshi, kile kihekalu cha kubebwa mabegani siku ya sherehe, anakuwa wa mtaa siku hiyohiyo hata kama Kijapani chake ni cha kuokoteza.

Taka, hapa kaa chini

Kila manispaa ina kalenda yake, utapewa ofisini au na mwenye nyumba, bandika kwenye friji. Mji wa jirani unaweza kuwa tofauti kabisa na wako, rafiki yako wa Yokohama asikufundishe taka za Saitama. Kwa kawaida kuna taka za kuungua, yaani mabaki ya chakula na karatasi chafu, mara mbili kwa wiki, kuna zisizoungua kama vyombo vilivyovunjika na vyuma vidogo, mara moja moja kwa mwezi, kuna za kurejelezwa, chupa, makopo, magazeti, maboksi, na kuna taka kubwa ambazo nitazirudia. Sehemu nyingi unanunua mifuko maalum ya manispaa yenyewe, ukitumia mfuko mweusi wa kawaida wanauacha.

Chukua chupa moja ya plastiki ya chai uliyoinunua konbini, vile viduka vya kila kona, tuone. Fungua kifuniko, kile kinaenda kwenye plastiki. Ile nailoni yenye maandishi ina mstari wa vitobo pembeni, ichane hapo itoke yote, inaenda kwenye plastiki pia. Chupa yenyewe isuuze kwa maji kidogo, imwage, ikanyage iwe bapa, ndo iingie kwenye kreti au mfuko wa chupa siku yake. Kile kipete kinachobaki shingoni achana nacho. Mara ya kwanza unaona kama adhabu, baada ya muda mkono unafanya wenyewe huku unaangalia simu.

Unatoa asubuhi ya siku husika, mara nyingi kabla ya saa mbili, sio usiku wa jana, kwa sababu kunguru wa mjini hasa Tokyo ni majambazi, wanapasua mfuko wanatawanya barabara nzima. Ndo maana sehemu ya taka ina wavu, weka mfuko chini ya wavu halafu ufunike hadi pembeni kabisa, usirushie juu ukakimbilia treni. Ukikosea, gari linaondoka linauacha mfuko wako pale na stika ya sababu, na majirani wanaujua ni wa nani kuliko unavyodhani. Urudishe ndani, upange upya, hamna atakayekufokea. Na mjini mapipa ya barabarani ni ya kutafuta kwa tochi, mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, kwa hiyo tembea na kimfuko chako.

Kelele na maisha ya ndani

Baada ya saa tatu au nne usiku mashine ya kufua, mashine ya kufyonza vumbi, muziki, simu za sauti juu, acha. Sisi tunaoongea na nyumbani kwa sauti kana kwamba mtandao unaendeshwa na koo tuwe makini hapa, hasa baraza ya nje, sauti inapanda majengo yote na tofauti ya saa inatufanya tupige usiku wa manane. Jirani hatakugongea kukwambia, atapiga kwa kampuni inayosimamia jengo, we utaona karatasi imebandikwa kwenye lifti inasema wakazi wote wapunguze sauti. Wakazi wote hapo maana yake wewe.

Ukialikwa ndani kwa mtu, viatu unavua kwenye kile kisehemu cha chini mlangoni, unapanda na soksi bila kukanyaga tena chini, viatu unavigeuza vielekee mlangoni. Slipa za ndani hazipandi kwenye tatami, na za chooni zinabaki chooni. Wakikupa nafasi ya kuoga, unajisugua na kujisuuza nje ya beseni kwanza, ndo unaingia kuloweka, hayo maji wanaingia familia nzima kwa zamu, usifungulie yakamwagika. Mezani usichomeke vijiti wima kwenye wali wala kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, yote mawili ni mambo ya msiba. Kwenye treni simu unaiweka kimya na huongei, kwenye eskaleta Tokyo watu wanasimama kushoto, Osaka kulia. Hayo ya treni utayaiga ndani ya siku mbili sina haja ya kuyarefusha.

Kitu kingine hawakwambii ni unyevu. Juni mpaka katikati ya Julai ni msimu wa mvua karibu nchi nzima isipokuwa Hokkaido, halafu joto la kunata, halafu vimbunga mpaka Oktoba, na ukungu unaota nyuma ya kabati na chini ya godoro ukutani. Fungua madirisha, sogeza vitu mbali na ukuta kidogo, godoro la sakafuni likunjwe kila siku, maana ukungu ukila ukuta amana yako ndo inalipa. Majira ya baridi nyumba nyingi hazishiki joto, na ukipangiwa upande wa Bahari ya Japan, Niigata au Akita huko, jiandae na theluji ya kuchota kwa koleo kweli, sio ya kupigia picha.

Ardhi ikitikisika

Itatikisika, swali ni lini. Kuna namba mbili, ukubwa wa tetemeko lenyewe na shindo, yaani ulipo wewe limetikisa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 7. Shindo 3 taa inayumba, Mjapani hata hasimamishi maongezi. 5 kwenda juu vitu vinadondoka kabatini. Simu zote zitalia kwa pamoja mlio mbaya sana sekunde chache kabla, hapo ingia chini ya meza, linda kichwa, usikimbilie nje vioo vinakuja kutoka juu. Likitulia fungua mlango uache wazi usije ukajipinda ukakufungia, zima moto, na gesi ikikatika usipige simu kwa hofu, mita inajifunga yenyewe kwenye mtikisiko mkubwa, kama hamna harufu ya gesi unabonyeza kitufe cha kuirudisha na kusubiri dakika 3.

Ukiwa karibu na bahari na limetikisa kwa nguvu au kwa muda mrefu, usisubiri tangazo, panda juu. Tarehe 11 Machi 2011 lilikuwa la ukubwa wa 9.0 na walioondoka na bahari walikuwa wengi mno kuliko waliofukiwa na majengo. Rasi ya Noto nako tarehe 1 Januari 2024, watu wako kwenye sikukuu ya mwaka mpya, lilikuwa la ukubwa wa 7.6.

Kabla ya hayo weka maji lita 3 kwa mtu kwa siku, za siku 3 angalau, tochi, pawabenki, hela taslimu za noti ndogo na sarafu, kopi ya kadi. Funga kabati ukutani, kwenye nyumba ya kupanga kuna nondo za kukaza kati ya kabati na dari hazitoboi. Tembea siku moja mpaka kituo cha kukimbilia, mara nyingi ni shule ya msingi ya mtaa, ujue njia. Weka apu ya Safety tips kwenye simu, NHK World wana matangazo mpaka ya Kiswahili na masomo ya Kijapani kwa Kiswahili bure. Mtandao ukizidiwa piga 171 uache ujumbe wa sauti. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa 119. Ile spika ya mtaa inayopiga muziki jioni kama saa kumi na moja usishtuke, wanahakikisha spika za maafa zinafanya kazi, na watoto wanajua muda wa kurudi nyumbani.

Ukihama

Taarifa kwa mwenye nyumba mara nyingi ni mwezi mmoja kabla, soma mkataba. Taka kubwa, kitanda, sofa, baiskeli, unapiga simu au unaweka miadi mtandaoni, unanunua stika konbini ya bei waliyokutajia, unabandika, unatoa siku waliyokupa. Mwezi wa tatu nchi nzima inahama kwa sababu shule na kazi zinaanza Aprili, miadi inajaa, kwa hiyo wahi mwezi mzima kabla. Friji, televisheni, mashine ya kufua na kiyoyozi manispaa haichukui, vina sheria yake na unalipia, bora umuuzie mgeni anayeingia.

Ofisini unaaga mji wa zamani, halafu siku 14 zinaanza upya mji mpya. Na ile amana, piga picha kila kona siku unayoingia kabla hujaweka hata begi, mikwaruzo, madoa, tatami. Mwongozo wa wizara unasema uchakavu wa kawaida kama tatami kupauka kwa jua ni juu ya mwenye nyumba, kwa hiyo wakikuletea makato omba orodha kwa maandishi na bei ya kila kimoja kabla hujasaini chochote.